Tulipoteana

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Nyangezi, somo la Kiingereza lilianza kwa wanafunzi kushika koo. Vidole viwili tu, pale kwenye kongoromeo. "Semeni sss," nawaambia, na darasa zima linafoka kama nyoka anayepita kwenye majani makavu ya migomba. Koo limetulia. "Sasa semeni zzz." Hapo kila mmoja anahisi mtetemo chini ya vidole, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Wanacheka, wanarudia, wanagawana kazi: mabenchi ya huku nyoka, ya kule nyuki. Ndipo nageukia ubao na kuandika maneno mawili, moja chini ya jingine: advice, advise.

Nyoka ni jina, nyuki ni kitendo. Advice ni ushauri, umelala pale ulipo. Advise ni kushauri, kuna mtu anafanya jambo. Nilikuwa na miaka 24, nimetoka ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, na shahada yangu ya Kiingereza, na kanuni hiyo niliipenda kwa sababu nilikuwa nimeitafuta mwenyewe usiku mwingi, nikisoma maneno kwa sauti mbele ya koroboi. Ilikuwa Septemba 1997. Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha mwezi Mei, shule zilikuwa zimefunguliwa tena, na katika madarasa ya sekondari waliketi vijana ambao wangekuwa wamemaliza zamani kama wasingekatiwa masomo.

Nyangezi iko kusini mwa Bukavu, katika teritwari ya Walungu, kwenye barabara iendayo Uvira. Ukitoka mjini unapita vilima, unateremkia bonde la migomba na mihogo, unaiona parokia ambayo Mapadre Weupe waliianzisha mwaka 1906. Ukiendelea mbele barabara inaning'inia kwenye mteremko wa Ngomo, ambako malori yameanguka mara nyingi hata madereva wengi walikuwa wanaona afadhali kuvuka mpaka na kuzungukia Rwanda. Chini yake ni Kamanyola, halafu uwanda wa Ruzizi, halafu Uvira na Ziwa Tanganyika. Naieleza njia hiyo kwa sababu mama nitakayesimulia habari zake aliijua kwa miguu yake.

Kwetu mtoto anakua na Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, Kifaransa darasani. Kiingereza kilikuja cha nne, katika mwaka wa tatu wa sekondari, kwa vipindi vichache vya wiki, bila kaseti na bila mtu wa kusikiliza isipokuwa mwalimu. Na mwishoni mwa mwaka wa sita ulikuwa unamngoja Mtihani wa Serikali, ambao tangu 1967 ndio unaoamua nani apate diploma. Unapewa sentensi yenye pengo na maneno yanayofanana kama mapacha, uchague moja. Lose, loose, loss, lost. Believe, belief. Affect, effect. Mtu anayeelewa sentensi nzima anaweza kuanguka kwa herufi moja, na mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo asielewe mtoto alikosea nini.

Affect na effect hazikutusumbua sana. Kifaransa kilikuwa kimeshatuachia effet kuwa jina na affecter kuwa kitendo, kwa hiyo niliwaambia wafuate njia hiyo, na mara nyingi inatosha. Kwa practice na practise niliwafundisha herufi tu, maana sikio haliwezi kusaidia: Mwingereza anaandika c kwa jina na s kwa kitendo lakini anatamka sawa, na Mmarekani anaandika c kote kuwili. Tulipita haraka.

Nyoka na nyuki ndio waliotufikisha mbali. Use ikiwa matumizi, nyoka. Use ikiwa kutumia, nyuki, ingawa karatasi haionyeshi tofauti yoyote. House ikiwa nyumba, nyoka. House ikiwa kumpa mtu makao, nyuki. Kisha nikawaonyesha kwamba f na v nao ni ndugu wa namna hiyohiyo, mmoja kimya kooni na mwingine anatetemesha: belief ni imani, believe ni kuamini, proof ni ushahidi, prove ni kuthibitisha, life ni maisha, live ni kuishi. Wakashika koo tena. Wengine walianza kugundua wenyewe maneno ambayo sikuwa nimeyataja.

Breath na breathe, pumzi na kupumua, zilitugharimu wiki nzima. Hapa Mswahili wa Mombasa au Unguja amezaliwa na ufunguo mkononi: ana th ya thamani na dh ya dhambi, na tofauti ya maneno yale mawili ya Kiingereza ni hiyohiyo. Sisi wa Kivu tunasema zambi, tunasema zahabu. Kiswahili kilitupandia kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na njiani sauti hizo mbili zilidondoka. Kwa hiyo, ili kumfundisha kijana wa Nyangezi breathe, ilinibidi kwanza nimfundishe dhambi kama alivyoisikia kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ulimi katikati ya meno. Naikumbuka wiki ile kwa furaha. Walikuwa wakijifunza Kiingereza na Kiswahili cha mbali kwa pumzi moja.

Siku moja msichana wa mwaka wa tano aliuliza swali ambalo hakuna kitabu changu kilichokuwa kimelijibu. "Monsieur, neno ni moja. Juu ya nini sauti inabadirika?"

Nilimjibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo. Halikuwa jibu, na alijua, maana aliketi polepole huku bado ananitazama. Jioni nilipita sokoni. Wauza unga walikuwa wanafunga, na mama mmoja alikuwa analalamika kwa sauti kwamba soko hili sasa ni la wezi na walevi. Nikasimama. Wezi. Hilo ni neno kutoka iba. Walevi ni kutoka lewa. Herufi b ilikuwa imekwenda wapi? W ilikuwa imekwenda wapi? Nimesema mwizi tangu utoto na sikuwahi kuuliza.

Kesho yake niliujaza ubao kwa Kiswahili kitupu, katika kipindi cha Kiingereza. Iba, mwizi. Lewa, mlevi. Linda, mlinzi. Penda, mapenzi. Pika, mpishi. Fuata, mfuasi. Andika, mwandishi. Niliwauliza nani aliwafundisha kwamba k ya pika igeuke sh, na d ya linda igeuke z. Hakuna aliyejibu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema mpiki. Walikuwa wanaishi na sheria hiyo kinywani tangu walipoanza kusema, na shule haikuwa imewaambia kamwe kwamba wanaijua.

Sababu ni ile i ya mwisho. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaeleza kwamba zamani i hiyo ilitamkwa kwa kubana sana, ulimi umepanda juu karibu na kaakaa, na konsonanti iliyotangulia ilibanwa nayo ikageuka ya kufoka. Kiingereza nacho kilikuwa na jambo lake la namna hiyo. Katika Kiingereza cha kale kitendo kilivaa mwishilio wenye irabu: nyumba ilikuwa hus, kumpa mtu nyumba kulikuwa husian. Ile s ilipojikuta katikati ya irabu mbili ilianza kutetemeka ikawa z. Baadaye mwishilio ukadondoka, irabu ikanyamaza, lakini mtetemo ukabaki. Ndiyo maana breathe, bathe na clothe zina e mwishoni isiyotamkwa: ni alama ya irabu iliyokuwa hai zamani. Maneno mengine yaliingia kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakafuata mkumbo huohuo. Advice yenyewe ni avis ya Kifaransa iliyoongezewa d, na avis tunaitumia kila siku.

Msichana yule aliandika yote. Sijui kama nimewahi kufundisha saa nzuri zaidi ya ile. Nasema hivyo ili ieleweke nilivyokuwa najiona katika miezi iliyofuata. Nilidhani nimeyamaliza majina na vitendo.

Mwalimu wa Nyangezi wakati huo aliishi kwa prime, yaani fedha ambazo wazazi walichanga kwa sababu mshahara wa serikali ulikuwa haufiki. Wazazi nao walikuwa na haki ya kumtumia mwalimu. Nilijaza fomu, nilisoma maandishi ya dawa, nilitafsiri karatasi. Januari 1998 alikuja mama mmoja wa kilima cha jirani, amevaa kitenge cha kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alileta mayai 6 ndani ya majani ya mgomba. Nilimwambia mama, chukua mayai yako, akasema, "Mwalimu, barua haiandikwe na njaa."

Kabla ya vita alikuwa anateremsha maharagwe Uvira na kurudi na ndagala na mawese. Oktoba 1996 alikwenda na mwanawe wa miaka 9, aliyekuwa amemsumbua muda mrefu anataka kuliona ziwa. Vita vikawakuta huko. Watu walikimbia kufuata barabara ya ukingoni mwa ziwa, kuelekea kusini, usiku, na magodoro na mbuzi na watoto mgongoni. Alikuwa amemshika mtoto mkono. Pakatokea milio, watu wakasukumana, mkono ukachomoka. Alimtafuta kwa siku nyingi. Baadaye alirudi Nyangezi kwa njia za milimani, na ilimchukua wiki kadhaa.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa ndagala alikuwa amemwambia kwamba watu wengi wa upande ule walivuka ziwa hadi Kigoma, kwamba mwishoni mwa 1996 Tanzania ilifungua kambi ya Wakongomani mahali panaitwa Nyarugusu, na kwamba kuna ofisi inayoandika majina ya watoto wasio na wazazi. Ofisi hiyo inaandikiana kwa Kiingereza. Ndiyo maana alikuja kwangu na si kwa katekista.

"Andika asema tulipoteyana," alisema. Asema, kwetu, ndiyo kwamba. "Tulipoteyana ku njia, Uvira."

Niliandika. Barua zetu za kiofisi zinafuata desturi ya Kifaransa: juu, kabla ya maneno yoyote, unaweka mstari wa Concerne, na mstari huo unataka jina, hautaki kitendo. Huandiki "nimeomba likizo", unaandika "ombi la likizo". Kwa hiyo nilitafuta jina. Lose ni kitendo, nyuki. Jina lake ni loss, nyoka. Nikaandika Loss of a child. Chini yake nikaendelea kwa sentensi ambayo niliona imenyooka kuliko zote nilizowahi kuandika: I am writing to inform you of the loss of my child, which occurred in October 1996. S mbili, o moja, kama inavyotakiwa. Mwanafunzi ambaye angeandika hivyo katika mtihani ningempa alama zote. Nilimsomea mama kwa Kiingereza kwanza ili asikie jinsi ilivyo nzuri, kisha nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimeandika alichosema.

Sikuwa nimeandika alichosema.

Jibu lilikuja baada ya miezi, kwa mkono wa mfanyabiashara yuleyule, mwezi wa sita. Ilikuwa nusu ukurasa wa mashine yenye muhuri. Mama alilileta shuleni bila kulifungua, akakaa kwenye ngazi za darasa, akakunja mikono. Nilisoma kimya mpaka mstari wa pili na nikaacha. We are very sorry for your loss. Chini yake walieleza kwa upole kwamba kazi yao ni kutafuta watoto wanaodhaniwa wako hai, kwa hiyo hawana msaada kwa jambo kama lake, na wanamwombea mzazi faraja.

Alikuwa anatazama uso wangu. "Soma tu, Mwalimu."

Nilitafsiri kama nilivyoweza. Nilisema wanakupa pole, wanasema pole kwa kufiwa na mtoto. Hakulia. Alinyamaza muda mrefu, akitazama uwanja ambako watoto walikuwa wanacheza mpira wa majani ya mgomba, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Balimuona wapi?"

Alidhani wameona maiti. Alidhani ng'ambo ya ziwa kuna mtu aliyemzika mwanawe, na alitaka kujua kaburi liko upande gani. Kwa muda huo, labda dakika moja, mtoto wake alikuwa amekufa, na aliyemuua ni jina langu lenye s mbili. Nilipata shida kufungua kinywa. Nilimwambia, mama, hawakumwona. Hawajui lolote juu yake. Ni mimi. Niliandika neno ambalo kwao ni la msiba.

Alinigeukia. "Miye sikusema mutoto alikufa. Nilisema tulipoteyana."

Tangu siku ile nimelichunguza neno lake mara nyingi kuliko neno lolote la Kiingereza. Kiswahili kina potea: mtoto amepotea, yeye ndiye hajulikani alipo. Kina poteza: mtu amepoteza kitu, lawama inaanza kumsogelea. Kina potewa: mtu amepotewa, tukio limemwangukia yeye. Halafu kina poteana, na hilo ndilo alilolichagua yeye bila kufikiri, kama vile wanafunzi wangu walivyosema mpishi bila kufikiri. Mtu hawezi kupoteana peke yake. Lazima wawe wawili, na kila mmoja anamtafuta mwenzake. Mama yule alikuwa ameniambia katika neno moja kwamba wakati yeye anazunguka kwenye barabara ya Uvira akiita, mahali fulani kuna mtoto naye anazunguka akiita. Mimi nikalichukua neno hilo, nikalitia katika mstari wa Concerne, na wawili wale wakatoweka. Loss haisemi nani. Haisemi kama bado wanatafutana. Ikiwekwa karibu na mtu, Mwingereza anasikia kifo, kama vile Mfaransa anavyosikia kifo ukimwambia umempoteza mwanao.

Miaka mingi baadaye nilikutana na asili ya neno lenyewe katika kamusi ya historia ya Kiingereza, na nikafunga kitabu kwa muda. Katika Kiingereza cha kale, los lilikuwa jina la maangamizi. Lakini kitendo chake, losian, kilikuwa na maana ya kuangamia na pia ya kupotea, kama kondoo anavyopotea. Kitendo kilikuwa kimeacha mlango wazi. Jina lilikuwa limeufunga tangu zamani hizo.

Sitaki kusema kwamba majina ni mabaya. Bila jina hakuna kichwa cha habari, wala sheria, wala hesabu, na mwanafunzi asiyejua kugeuza kitendo kuwa jina hataandika ukurasa wa Kiingereza wala wa Kifaransa. Lakini niliona kwamba nilikuwa nafundisha mabadiliko ya sauti na herufi kana kwamba ndani ya neno hakuna kinachobadilika. Kinabadilika sana. Nikisema the committee decided, kuna watu mezani, unaweza kuwauliza. Nikisema the decision, watu wameondoka. Nikisema the soldiers killed, kuna waliofanya. Nikisema the killings, damu iko lakini mikono haionekani, na sisi wa Kivu tumesoma ripoti nyingi za namna hiyo juu yetu, zenye majina mengi na vitendo vichache, tukijitafuta ndani yake.

Kwa hiyo nilibadilisha somo. Nyoka na nyuki wapo bado, maana mtihani upo bado, na kijana anayeandika I need your advise atanyimwa alama hata kama moyo wake ni safi. Lakini baada ya kushika koo tunarudi kwenye ubao na kila jina linaulizwa maswali. Advice: nani amemshauri nani? Belief: nani anaamini, na anaamini nini? Death: nani amekufa? Hilo la mwisho ni zito kwetu kuliko linavyoonekana, kwa sababu dead, death, die na died ni maneno ambayo wanafunzi wangu wanayachanganya zaidi ya yote, na si maneno ya mfano kwao. Nimesoma insha inayosema my father death in 1996. Zamani ningeweka mstari mwekundu na kuendelea. Sasa namwita mwandishi, tunakaa kwenye ngazi, namwuliza kwa Kiswahili baba alifanyaje, alifanywaje, lini, na tunakitafuta kitendo pamoja kabla ya kurudi kwenye Kiingereza. Mara nyingine sentensi moja inakula mapumziko yote.

Wapo walimu wenzangu wanaoona kwamba Kiswahili kinachelewesha Kiingereza, kwamba mtoto aache lugha ya soko nje ya mlango. Nawaheshimu, na hapa siwezi kukubaliana nao. Mtoto anayeambiwa aache poteana mlangoni ataingia darasani na nusu tu ya anachojua, na nusu hiyo ndiyo atakayoitafsiri.

Barua ya pili tuliiandika katika wiki ya mwisho ya Julai 1998. Iliondoka Jumamosi, na tarehe 2 Agosti vita vingine vikaanza. Barabara ya Uvira ikafungwa na jibu halikunifikia. Kwa hiyo ninachoweza kusimulia ni mchana ule tu.

Mama alikataa kukaa ngazini safari hii. Aliingia darasani na kuketi kwenye benchi la mbele, mahali pa mwanafunzi. Niliweka karatasi ya kaboni ili abaki na nakala yake. Mstari wa juu niliuacha mtupu. Nilimwomba aanze tangu walipotoka Nyangezi, na kila aliposema kitendo nilikiandika kitendo: walitembea, walishuka Ngomo, waliuza, mtoto aliliona ziwa akaogopa mawimbi, waliposikia milio walikimbia. Alipofika kwenye mkono alisimama, akauinua mkono wake wa kushoto, akautazama. "Alikuwa huku," alisema. Nikaandika kwamba alikuwa amemshika kwa mkono wa kushoto.

Tulipomaliza nilimsomea yote kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, nikionyesha kwa kidole. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza majina yakisomwa kanisani. Kisha akataka kujua tulipoteyana iko wapi. Nilimwonyesha: we lost each other. Akahesabu maneno kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, ine.

"Na miye niko wapi humu?"

Nilimwonyesha we.

"Na yeye?"

Nikamwambia yumo humohumo, pamoja na wewe, na tena huku mwisho, kwenye each other, mko wote wawili. Aliinama karibu na karatasi mpaka kilemba chake kikagusa meza. Halafu akaniomba kalamu, na kwa mkono usiozoea kalamu akapiga mstari chini ya maneno yale manne, akikandamiza ili upite hadi kwenye nakala.